Nani Aliusoma Ujumbe wa Dada?

"Umeona?" Chiriku, binti wa mapokezi, alisema. "Ndivyo inavyofanya."

Kwenye kioo cha kompyuta kiduara kidogo cha buluu kilikuwa kinazunguka. Inspekta alivuta kiti, akaketi, akakikazia macho bila kusema neno, kama alivyokuwa akiwatazama watuhumiwa enzi zake. Wengi walikuwa wakishindwa kuvumilia ule ukimya na kuanza kujieleza. Kiduara hakikushindwa. Kiliendelea kuzunguka, na sanduku la barua pepe la ofisi halikufunguka.

Alikuwa ameacha kazi ya polisi zamani kidogo, lakini cheo kilikuwa kimemganda. Hata mwenye duka la jirani alimwita Mama Inspekta. Siku hizi alijifanyia kazi zake mwenyewe, na nyingi zilikuwa za kompyuta. Wahalifu walikuwa wamehamia huko, naye akahama nao.

Kesi hii alikuwa amekabidhiwa asubuhi ileile na Mkurugenzi, kabla hata ya kukaribishwa kiti. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vioo, na kazi yake ilikuwa kuwakutanisha ndugu waliopotezana. Watu huandika barua pepe, ofisi hupekua na kujibu. Siku chache nyuma, ofisi rafiki ya mji wa mbali ilikuwa imepiga simu kulalamika. Kuna mwanamke anamtafuta kaka yake, walisema, walipotezana utotoni daraja lilipozolewa na mafuriko. Tumemwelekeza kwenu, ameandika, mbona mmemnyamazia? Namba yake hawakuwa nayo. Kaka mwenye habari kama hiyo alikuwepo, jalada lake liko kabatini. Ujumbe wa dada ndio haukuonekana.

"Nilitafuta mwenyewe," Mkurugenzi alisema. Alikuwa mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na sauti ya mtu asiyependa kurudia maneno. "Sikuona kitu. Lakini fundi wa mtandao amekagua kumbukumbu za seva. Anasema ujumbe uliingia, ukafunguliwa. Kwenye kompyuta ya mapokezi, saa za kazi. Anayekaa pale ni mmoja tu."

"Chiriku."

"Ameufuta. Na kama ameufuta, basi amempa mtu habari zilizomo. Kuna matapeli wanaojifanya ndugu, Inspekta. Wakipata kisa cha mtu wanamjia na machozi ya uongo. Siwezi kuwaingiza mlangoni kwangu."

Alimsogezea karatasi. "Barua ya kumsimamisha kazi. Isome, uniambie kama imekaa sawa. Miwani yangu nimeisahau."

Miwani ilikuwa inaning'inia kwenye mfuko wa shati lake. Inspekta aliiona, akaisoma barua, akairudisha mezani.

"Nipe mpaka mchana kabla hujaitia sahihi," alisema.

Sasa kiduara kilikoma. Sanduku likafunguka nusu, likasita, likamalizia.

"Tuanze mwanzo," Inspekta alimwambia Chiriku. "Ilianza lini kuwa nzito?"

"Mvua zilipoisha. Kabla ya hapo ilikuwa inaruka."

"Siku hizo kulibadilika nini?"

"Hakuna. Fundi anasema imezeeka tu, haina dawa."

"Sijamuuliza fundi. Wewe umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu, mama. Naapa."

Chiriku alipewa jina hilo kwa sababu ya mdomo. Ofisi nzima ilikuwa inajua harusi za binamu zake zote na ugomvi wa mashangazi. Leo alikuwa anajibu kwa maneno matatu matatu, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Ikikwama unafanya nini?"

"Nangoja. Nikichoka napakia ukurasa upya, naendelea na ujumbe mwingine. Watu ni wengi, wote wana roho juu."

"Na jambo jingine lolote? Hata kama ni la kipuuzi."

Chiriku aliangalia mlangoni. "Utasema nimerukwa na akili."

"Nimewahi kumhoji mtu aliyesema pikipiki yake imejiiba yenyewe. Sema."

"Inanong'ona."

"Nini?"

"Kompyuta. Haina spika zake, kwa hiyo siku moja nilichomeka za masikioni, nisikilize nyimbo wakati nangoja ukurasa. Nikasikia sauti ya mwanamke, chini chini, anataja majina ya watu. Mara jina, mara maneno, mara jina. Nikachomoa. Tangu siku hiyo sijachomeka tena."

Inspekta hakucheka. Alilihifadhi jambo hilo kichwani, akakunja mikono ya gauni lake.

"Haya. Tuwahoji mmoja mmoja. Wa kwanza ni mtandao."

Alitoa simu yake, akaiunga na intaneti ya ofisi, akampa Chiriku aingize nywila. Sanduku lilelile, barua zilezile. Lilifunguka kabla Chiriku hajaondoa kidole.

"Mtandao hauna hatia," Inspekta alisema. "Na seva inayotunza barua haina hatia, maana ndiyo hiyohiyo. Wa pili ni kompyuta yenyewe."

Alifungua jalada refu lililojaa picha. Likaja. Akafungua tovuti ya habari, ikaja na matangazo yake yote. "Huyu mzee bado ana miguu. Fundi amemsingizia."

Kisha akaona ule msururu wa vichupo vya kurasa zilizoachwa wazi juu ya kivinjari, vimebanana hadi maandishi yake hayasomeki. Mitindo ya nywele. Maana ya ndoto. Maswali ya usaili wa kazi. Jinsi ya kumsamehe mtu asiyeomba msamaha.

"Vyote hivi unavisoma?"

"Nitavisoma."

"Leo vinapumzika." Alivifunga vyote, akabakiza kimoja, akabofya sanduku la barua. Lilifunguka bila kusitasita.

Chiriku alipiga makofi. "Kumbe ni hivyo tu!"

Inspekta naye alianza kutabasamu. Akabofya ujumbe wa juu, na kiduara kikarudi. Kilizunguka, kikazunguka, hadi tabasamu lake likaisha lenyewe.

"Vichupo vilizidisha mzigo, lakini mwizi si vyenyewe," alisema.

Akakagua kama kivinjari kimesasishwa. Kilikuwa kimesasishwa. Akafuta mabaki ya kurasa za zamani ambazo kivinjari hujiwekea akiba, maana akiba ikioza huleta matatizo ya namna hii. Wakaingia upya. Mwendo ukawa uleule wa kinyonga. Chiriku alikuwa amerudi kubana mikono yake.

Mlango wa ukumbini ulikuwa wazi. Kwenye benchi alikaa mwanamume mwembamba, viganja vimejaa alama ndogo za cheche za moto. Ndiye kaka mwenyewe. Walimwita Welda, kwa kazi yake ya kuchomelea vyuma. Tangu alipoambiwa kwamba kuna mwanamke ameandika, alikuwa anapita hapo kila asubuhi kabla ya kwenda karakana, na leo hakuonyesha dalili ya kuondoka.

"Kaka, wateja wako hawana haraka?" Inspekta alimuuliza.

"Mageti hayana haraka," Welda alijibu. "Nikiwa pale naharibu tu. Jana nimechomea bawaba upande usio wake."

Inspekta aligeukia tena kioo. Kuna mlango mmoja ambao hakuwa ameugonga. Alifungua dirisha la faragha, lile ambalo kivinjari hulifungua kikiwa kitupu, bila kumbukumbu na bila vikorombwezo vyovyote. Akaingia kwenye sanduku la barua kupitia hapo.

Lilifunguka papo hapo. Akabofya ujumbe, ukafunguka. Wa pili. Wa tatu.

Chiriku alishika mdomo. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimemvua nguo tu. Kompyuta ileile, mtandao uleule, kivinjari kilekile. Kikiwa kitupu kinakimbia, kikivaa kinachechemea. Basi kuna kitu kwenye nguo."

Alifungua ukurasa wa vikorombwezo, vile vijiprogramu ambavyo watu hupachika kwenye kivinjari ili viwasaidie hili na lile. Vilikuwa sita. Alikizima cha kwanza, cha kuzuia matangazo, akajaribu. Nzito. Akakiwasha, akazima cha pili, cha kurekebisha tahajia. Nzito. Cha tatu kilikuwa kinabadilisha mandhari ya ukurasa kuwa maua.

"Hicho ni changu," Chiriku alisema haraka.

"Maua hayajamwua mtu." Nzito bado.

Cha nne kilikuwa na alama ya sikio. Alikizima. Sanduku la barua likafunguka mara moja, barua zikapita moja baada ya nyingine bila hata kivuli cha kile kiduara. Inspekta alikiwasha tena. Kiduara kikaja. Akazima, kikatoweka. Alirudia hivyo mpaka akaridhika, maana kesi nyingi alizoziona zikiporomoka mahakamani ziliporomoka kwa kujaribu mara moja tu.

"Hiki nani alikiweka?"

"Sijui. Nilidhani kilikuja na kompyuta."

"Leta zile spika za masikioni."

Chiriku alizitoa kwenye droo kama anayetoa panya aliyekufa. Inspekta alizichomeka, akakiwasha kile kijiprogramu chenye alama ya sikio, akafungua sanduku la barua. Sauti ikaja, ndogo, ya kike, isiyo na furaha wala huzuni, inasoma jina la kila aliyeandika na kichwa cha kila ujumbe, kuanzia juu kwenda chini. Alimvika Chiriku upande mmoja.

"Ni yeye!" Chiriku alisema. "Ni huyo huyo!"

"Hukurukwa na akili. Huyu ni msomaji. Hutengenezwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri, anawasomea kilichoko kwenye kioo. Tatizo lake ni ulafi. Kila ukigusa kitu, anataka kulisoma sanduku zima upya, barua zote za miaka yote, na wewe unangoja amalize." Alizichomoa spika. "Akaunti hii ya kivinjari, nani mwingine anaitumia?"

"Ni ya ofisi. Mimi na Mkurugenzi tu. Lakini yeye hagusi kompyuta hii, ana yake ofisini kwake."

"Hahitaji kuigusa," Inspekta alisema, akasimama.

Mkurugenzi alikuwa ameketi karibu mno na kioo chake. Inspekta alipobisha aliruka, akashika kipanya, lakini hakuwahi. Herufi kwenye kioo zilikuwa kubwa kama za kibao cha dukani. Pembeni mwa kivinjari ilikuwepo alama ya sikio.

Inspekta alifunga mlango nyuma yake.

"Akaunti ikiwa moja kwenye kompyuta mbili," alisema, "unachopachika huku kinajipachika na kule. Chiriku hajui hilo. Naamini na wewe hukujua."

Mkurugenzi aliachia kipanya.

"Asubuhi uliniambia ulitafuta ujumbe mwenyewe na hukuona. Nilidhani unamaanisha haukuwemo."

Mkurugenzi alitoa miwani mfukoni, akaigeuzageuza, akaiweka mezani. "Hii hainisaidii tena," alisema hatimaye. "Mistari inaingiliana. Sura za watu nazijua kwa sauti. Hata wewe, ukinyamaza hapo ulipo, wewe ni doa la kijani."

"Umekwenda kwa daktari?"

"Nimekwenda. Anasema ni mtoto wa jicho, atasafisha, nitaona. Lakini nipumzike, watu wajue. Na wakishajua? Mwenye kutafuta watu haoni watu. Watanistaafisha kesho yake."

"Daktari amesema utaona, wewe umesikia utastaafu."

Mkurugenzi alitaka kukasirika, ikamshinda. Akacheka kidogo, puani. Kisha akajikaza tena. "Sawa. Kompyuta nimeifanya nzito mimi. Lakini uzito haufungui barua, Inspekta. Ujumbe wa yule mwanamke ulifunguliwa. Ulisomwa. Hilo nalo ni langu?"

"Njoo mapokezi. Nitakuonyesha. Samahani, nitakueleza kwa sauti."

Chiriku alisimama alipomwona bosi wake. Inspekta alimwambia akae kitini pake, afanye kazi kama siku zote, na kijiprogramu cha sikio kikiwa kimewashwa. Kisha akaandika kwenye simu yake ujumbe wenye neno moja, "Jaribio," akautuma kwa ofisi.

"Umefika," Chiriku alisema. "Uko juu, kwa wino mzito."

"Wino mzito maana yake haujasomwa," Inspekta alimwambia Mkurugenzi. "Ufungue."

Chiriku alibofya. Kiduara. Walingoja wote watatu. Ukumbini Welda alikohoa.

"Unaona maneno ya ujumbe wangu?"

"Sioni kitu. Kioo cheupe."

"Siku ya kawaida ungefanya nini sasa?"

"Ningepakia upya."

"Pakia."

Ukurasa ulijipanga taratibu. Chiriku aliinamia kioo, akateremsha macho, akapandisha. "Haupo."

"Umeufuta?"

"Sijaugusa! Mmeniona!"

"Kwa nini haupo?"

"Kwa sababu..." Chiriku alikoma katikati ya sentensi. "Kwa sababu hapa naona zile zisizosomwa tu. Nilipanga hivyo nilipoona orodha ikiwa ndefu inazidi kukwama. Zilizosomwa zinajificha."

"Na ujumbe wangu nani ameusoma?"

"Hakuna mtu."

"Lakini sanduku linasema umesomwa. Ulipobofya tu, likaweka alama, kabla halijakuonyesha hata herufi moja. Fundi wako akiangalia seva leo, Mkurugenzi, atakuambia ujumbe wa Inspekta umefunguliwa kwenye kompyuta ya mapokezi, saa za kazi. Na atakuwa amesema kweli. Hakuna aliyeufuta. Hakuna aliyempa mtu habari zake."

Mkurugenzi aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti cha Chiriku. Kisha akauinamisha uso wake hadi ukakaribia wa binti yule, ili amwone.

"Mwanangu," alisema, "nilikuwa nimeshaiandika barua ya kukusimamisha. Nilikuhukumu. Kosa ni langu, na macho yangu hayana ubavu wa kulibeba lote. Nisamehe."

Chiriku alifungua mdomo, ukatoka mlio tu. Akajifuta uso kwa mkono wa blauzi. "Macho yana nini?" aliuliza.

"Nitakueleza. Kwanza tumtafute dada wa watu."

Inspekta alikiondoa kile kijiprogramu kabisa. "Kuna wasomaji wengine wasio walafi," alimwambia Mkurugenzi, "nitakuwekea mmoja kwenye akaunti yako peke yako, hadi utakapotoka kwa daktari." Halafu akamwambia Chiriku aondoe kile kizuizi, aonyeshe barua zote, zilizosomwa na zisizosomwa.

Barua zikamiminika. Chiriku alianza kushuka nazo, midomo inacheza. Zilikuwepo kadhaa ambazo hakuwa amewahi kuziona: baba anayemtafuta mwanawe wa kambo, bibi mmoja anayeuliza kama ofisi hufungwa siku za sikukuu. Alizisogeza pembeni kila moja kwa uchungu, akisema "samahani, naja, naja," kana kwamba wenyewe walikuwa wamesimama mbele yake. Kisha mkono ukatulia.

"Soma kwa sauti," Mkurugenzi alisema.

"'Ndugu wa ofisi. Namtafuta kaka yangu. Daraja lilipokwenda, mimi nilichukuliwa na watu wa ng'ambo, yeye alibaki upande wa kwetu. Kwa sasa nafanya kazi kwenye karakana ya kushona sare za shule. Namba ninayoweka hapa ni ya karakana, mimi sina simu. Mkataba wangu unakwisha Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya hapo sijui nitakuwa wapi. Kama mmempata, hata kama hataki kuniona, niambieni tu yu hai.'"

Chiriku aliinua uso. "Leo ni Ijumaa."

"Ya mwisho," Mkurugenzi alisema.

Hakuna aliyemwita Welda. Alikuwa ameshasimama mlangoni, na alikuwa amesikia. Chiriku alichukua simu ya mkononi ya ofisi, akaipiga ile namba, akafungua spika yake ili wote wasikie. Iliita muda mrefu. Ikapokelewa na mwanamume, nyuma yake cherehani nyingi zinaunguruma.

"Nani? ... Ahaa, yule. Ameshaaga, mama. Ametoka sasa hivi na begi lake."

"Mkimbilie!" Chiriku alipiga kelele. "Baba, tafadhali, mkimbilie, mwambie kaka yake yuko kwenye simu!"

Upande wa pili kulisikika kiti kikianguka, halafu viatu vikikimbia, halafu cherehani zikizimwa moja moja na sauti za wanawake zikiuliza kuna nini, kuna nini. Inspekta alijikuta ameshika ukingo wa meza. Mtu aliita kwa mbali. Mlango wa bati uligongwa. Viatu vikarudi, safari hii jozi mbili.

"Halo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke anayehema. "Halo, nani?"

Chiriku alimnyoshea Welda simu. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nani?"

Welda aliisogeza simu karibu na mdomo. Akalitaja jina lake la utotoni. "Kibonge."

Simuni ikatoka sauti ambayo mwanzoni hawakujua kama ni kilio au kicheko, mpaka iliposema, "Kibonge! Kibonge wetu! Bado mnene?"

"Nimekonda," Welda alisema, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. "Nimekonda vibaya. Hutanijua."

"Nitakujua. Njoo hivyohivyo."

"Uko wapi? Usiende popote. Kaa na begi lako hapo hapo. Kuna watu hapo? Wanakupa maji? Waambie nakuja. Hapana, usikate, nakuja, we niambie, hiyo karakana imekaa upande gani wa stendi?"

Alikuwa anatembea huku akiuliza. Alivuka ukumbi, akashuka ngazi, simu sikioni.

"Simu ya ofisi!" Chiriku alisema, akanyanyuka.

"Mwache," Mkurugenzi alisema. "Andika tu kwamba imetoka kikazi."

Inspekta alikwenda dirishani. Chini, Welda alikuwa amejitosa barabarani bila kutazama kulia wala kushoto. Pikipiki ilimpigia honi, akainua mkono kuomba radhi, hakusimama. Alikuwa anaeleza jambo refu, mkono wake ule wa bure ukichora hewani kitu kipana, labda mto, labda daraja, na mara mbili alisimama kucheka kabla ya kuchapuka tena kuelekea kwenye mabasi.